Kiapo cha Pili cha Zipora

Basi la Dar es Salaam lilikuwa limekwisha kuipita Buigiri, na Yoramu alikuwa bado hajaegemea kiti. Alikaa wima kama mtu aliyeitwa barazani, mkono mmoja umebana kifua cha koti lake la mitumba. Humo ndani ya koti ndimo ilimokuwa pasipoti, mpya, bado inanuka gundi, na ndani yake sura yake kama ilivyopigwa na yule mpiga picha wa karibu na soko, aliyemwambia asicheke, naye akatii kupita kiasi.

“Shemeji, iachie ipumue,” alisema Evodia. “Hivyo ulivyoibana itafika Uhindi imekunjamana, watasema siyo wewe.”

“Mimi ni huyu huyu. Wakiniona watajua.”

“Wakikuona watasema huyu amefuata ng'ombe. Kule wanatembea barabarani, hakuna wa kuwagusa.”

“Hawana mwenyewe?”

“Hawana.”

“Basi sirudi,” alisema Yoramu, na wote wawili wakacheka. Walikuwa hawajacheka muda mrefu.

Evodia ni mke wa Batholomeo, kaka yake Yoramu. Ni Mhaya, alikuja Dodoma kwa kazi ya serikali, akamkuta Batholomeo katika ofisi moja na yeye, wakaoana, wakajenga Area D. Batholomeo na Yoramu ni wa tumbo moja, wa Hombolo, watoto wa marehemu Ndahani na mama Zipora. Ndahani alifanya kama walivyofanya baba wengi wa Kigogo wakati ule: mmoja asome, mmoja achunge. Mkubwa akapelekwa shule ya misheni, mdogo akabaki nyuma ya ng'ombe. Yoramu hakulilalamikia jambo hilo, ila siku moja moja akiwa amekunywa, na akiamka asubuhi anakuwa wa kwanza kulicheka.

Mwaka ule wa tisini na sita figo za Batholomeo zilikufa. Ilianza miguu kuvimba, watu wakasema ni chumvi. Ukaja uso, watu wakasema amerogwa ofisini, maana ndiyo miaka serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi na kila mtu alimwogopa mwenzake. Mpaka ilipojulikana ni figo, alikuwa hawezi kupanda ngazi. Serikali ikampeleka Uhindi na mkewe wa kumsindikiza. Huko wakamfunga kwenye mashine ya kusafisha damu, wakasema mashine ni ya kushikilia tu; mtu huyu anahitaji figo ya ndugu. Ya Evodia ilipimwa, ikakataa. Ya Yoramu ilipimwa kwa damu iliyotolewa Dodoma, ikaonekana inaweza kukubali.

Yoramu alipoambiwa kwamba Mungu amempa mbili na mtu anaweza kuishi na moja, aliuliza swali moja tu: akishatolewa ataweza kulima? Akajibiwa ataweza. Akasema basi, twende.

Kusema ni rahisi. Mtu wa kwenda nje anataka pasipoti, na pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa, na Yoramu alizaliwa kwenye nyumba ya tembe mwaka wa njaa, hakuna aliyeandika. Uhamiaji, kijana mmoja anaitwa Optatus akamweleza kwa upole kwamba wasio na vyeti mzazi wao huwaapia mahakamani. Mzazi aliyekuwa hai ni Zipora. Evodia wakati huo alikuwa bado Uhindi na mgonjwa wake. Kwa hiyo Yoramu alimpakia mama yake kwenye gari la asubuhi kutoka Hombolo, akampeleka mjini peke yao wawili.

Karani wa mahakama alikuwa Khamisi, Mrangi wa Kondoa, mtu wa maneno mengi. Alimpa mama shikamoo, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamwambia Yoramu asubiri nje kwa sababu anayeapa ni mzazi na siyo ng'ombe wake. Yoramu akakaa kwenye ngazi. Baadaye mama akatoka na hati, kidole chake gumba kimejaa wino. Yoramu aliisoma polepole, kama anavyosoma. Ilisema kwamba Yoramu ni mtoto wa Ndahani Chilonwa.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na Yoramu aliliona likiingia asijue kwamba ni kosa. Babu yao, baba yake Ndahani, jina lake lilikuwa Mahinyila. Batholomeo shuleni aliandikwa Batholomeo Ndahani Mahinyila, na vyeti vyake vyote vilisema hivyo. Lakini Mahinyila ni baba mkwe wa Zipora, na mwanamke aliyeolewa katika nyumba ya Kigogo halitaji jina la baba mkwe wake. Halitaji kwa wema wala kwa hasira, akiwa na watu au akiwa peke yake jikoni. Jirani alipompa mtoto wake jina hilo, Zipora alimwita yule mtoto “babu” mpaka akaota ndevu. Na mzee mwenyewe, kwa kuwa alikuja Hombolo akitokea Chilonwa, wanawake wa nyumba ile walimtaja kwa alikotoka. Khamisi alipouliza jina la baba yake Ndahani, Zipora alisema lile alilolisema maisha yake yote.

Kwa hiyo Yoramu alisoma Chilonwa na hakushtuka. Alijua ni nani. Alifurahi hata, kwamba mama amepita salama mahali pagumu. Akaipeleka hati Uhamiaji, Optatus akajaza, makaratasi yakaenda Dar, pasipoti ikarudi. Evodia naye akarudi kutoka Uhindi kumchukua; kule alimwacha Batholomeo na mgonjwa mwenzake wa Tanga amwangalie. Aliifungua pasipoti mara moja, akaangalia picha, akaifunga. Alikuwa amechoka.

Dar, kwenye ubalozi wa Uhindi, walisimama foleni ya viza tangu asubuhi. Kilichotokea dirishani hakikuwa na makelele. Mama mmoja mwenye miwani alichukua barua ya hospitali, akaiweka pembeni ya pasipoti, akaziangalia zote mbili kama mtu anayelinganisha viatu. Akauliza kwa Kiingereza, Evodia akajibu. Akauliza tena. Yoramu akaona mgongo wa shemeji yake ukinyooka.

“Anasema nini?” aliuliza.

“Anasema nyinyi siyo ndugu.”

Mama yule aliita kijana Mtanzania aeleze vizuri. Kijana akaeleza kwamba kule Uhindi watu maskini walikuwa wanauza figo, matajiri wananunua, na sasa kuna sheria: figo anatoa ndugu wa damu. Barua inamtaja mgonjwa ni Mahinyila na mtoaji ni ndugu yake. Pasipoti inasema Chilonwa. Yeye hakatai, ila wathibitishe.

Yoramu alieleza. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili alichonacho, habari ya mama na baba mkwe na Chilonwa. Watu kwenye foleni walinyamaza kumsikiliza, na mmoja wao akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo. Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Akasema anaamini, mzee, hata kwao wapo hivyo, lakini imani yake hawezi kuigonga mhuri. Aliyeapa kwamba babu ni Chilonwa arudi aape kwamba Chilonwa na Mahinyila ni mtu mmoja. Kisha Uhamiaji warekebishe pasipoti, kisha waje.

Walirudi na basi la siku iliyofuata. Walipofika Gairo ndipo Evodia aliposema.

“Ungeniambia, shemeji.”

“Nikuambie nini?”

“Kwamba mama hawezi kusema neno moja.”

“Ungeniuliza jina la babu ningekutajia. Hukuniuliza,” alisema Yoramu, halafu akaona aibu, kwa sababu yule mwanamke alikuwa anatazama dirishani na machozi yanamtoka bila sauti.

Hombolo walimkuta Zipora anapepeta uwele. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi sana, wa Umoja wa Akina Mama kanisani, kitambaa cheupe hakimtoki kichwani. Aliwapokea kwa mbukwa, salamu ya Kigogo, na maji ya kunywa, akasikiliza habari yote ungo ukiwa mapajani. Yoramu ndiye aliyesimulia, na yeye pia, kila alipofika penye jina, aliruka. Hata mtoto hulikwepa mbele ya mama.

Zipora akauliza kama Petro hawezi kuapa. Petro ni ndugu yake Ndahani, mtoto wa mwisho wa mzee, na kwake jina la baba yake halina mwiko. Evodia akasema ameshauliza, wamesema hapana: kiapo cha kwanza ni chako, mama, anayekirekebisha ni wewe.

“Basi,” alisema Zipora. Akaendelea kupepeta.

Evodia alimweleza tena, polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Alimweleza mashine ilivyo, mipira inavyoingia mkononi, Batholomeo alivyobaki mifupa. Alisema siku zinavyokwenda mwili unachoka na mashine yenyewe. Zipora akasema hayo yote ameyasikia na usiku halali. Lakini alikuwapo mwanamke kule ng'ambo ya bwawa, akasema, walikuwa wanafuata maji pamoja. Siku moja aligombana na mumewe, akalitupa jina la baba mkwe wake uwanjani, kila mtu akasikia. Hawakufika mavuno. Mtoto aliyekuwa mgongoni alikufa.

“Sasa wewe mwanangu unaniambia nimwokoe mtoto kwa kitu kinachoua watoto.”

“Mama, watoto wanakufa kwa malaria,” alisema Evodia. “Mimi baba mkwe wangu nimemtaja miaka yote. Nasema Mzee Ndahani, Mzee Ndahani, nawaambia wanangu mmefanana na Mzee Ndahani. Mbona wanangu wazima?”

Zipora aliuweka ungo chini, akapangusa mikono.

“Na mume wako?” alisema.

Hakusema kwa ubaya. Yoramu alimjua mama yake, alijua hilo swali alikuwa amelibeba siku nyingi na hakuwa na nia ya kulitua. Lakini lilikwisha kutua. Evodia alisimama, akavaa viatu vyake mlangoni, akaenda kukaa kwenye mashamba ya zabibu mpaka jua likaanza kushuka. Yoramu alimfuata, akakaa mbali kidogo. Alifikiri kwamba mtu akimwambia achague kati ya hawa wanawake wawili nani ana haki, angeomba apelekwe machungani.

Asubuhi Zipora alitoka nje ameshavaa kitambaa chake. Alimwita Evodia kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama anavyoitwa mama mwenye heshima. Akasema atasema. Ila hawezi kulichukua jina la mtu bila kumwomba mwenyewe. Petro aletwe, waende Chilonwa kaburini, mzee alikorudishwa kuzikwa, aombwe ruhusa na mtoto wake wa damu. Baada ya hapo atapanda gari.

“Petro yuko wapi?” aliuliza Evodia.

Petro alikuwa ameswaga ng'ombe kufuata majani upande wa Bahi, kama kila kiangazi. Hakuna simu, hakuna wa kumtuma. Yoramu tayari alikuwa anajaza upepo kwenye baiskeli.

Alimtafuta Petro kwa zaidi ya wiki. Alifika kambi moja, akaambiwa wamehama jana. Akafika ya pili, akakuta majivu. Alilala kwa watu asiowajua, akala alichopewa, na kila alipolala alimwona kaka yake amefungwa kamba kwenye kitu kinachonguruma. Alipompata, Petro alikuwa anamtibu ndama. Alisikiliza, akasema Zipora amefanya sawa. Lakini hakuweza kuacha mifugo kwa watoto, ikabidi waungane na kundi la wengine kwanza, na hilo nalo lilichukua siku zake.

Evodia huku alikuwa amerudi kazini. Kila jioni alipanga foleni kwenye kibanda cha simu mjini apige Uhindi. Yule mgonjwa wa Tanga alimjibu kwamba mwenzake anasalimu, kwamba leo amekula. Baadaye alimjibu kwamba anasalimu tu, na mwishowe laini ya Uhindi ikawa haishiki kabisa.

Chilonwa walikwenda wanne. Kaburi lilikuwa rundo la mawe chini ya miiba, Petro ndiye aliyelijua. Alimwaga maji na unga, akaongea na baba yake kwa Kigogo kama mtu anayemwamsha mzee aliyesinzia: mke wa mwanao ana shida, anaomba mdomo wake usihesabiwe. Zipora naye akapiga magoti upande wa pili, akaomba kwa jina la Yesu, asiachwe yeyote nje ya shauri lile. Evodia alisimama nyuma yao, viatu mkononi. Walipomaliza akauliza, kwa sauti ndogo, kama mzee amekubali.

“Hajakataa,” alisema Petro.

Mahakamani Khamisi alianza na utani wake, kwamba Wagogo sasa wameona ofisi yake ni nyumbani, waje na kuku basi. Alipouona uso wa Zipora akaacha. Alikuwa mtu mwema, alifikiri njia. Akamnong'oneza hakimu, mama Emilia, kwamba yeye Khamisi alitaje jina, mama aitikie kwa kichwa tu, yaishe. Evodia aliposikia alisema ndiyo kabla ya kuulizwa. Hakimu naye akaonekana anaridhika.

Aliyekataa ni Zipora.

“Nikiitikia nimesema,” alisema. “Na nitakuwa nimesema kwa kujificha. Nimeomba ruhusa ya kusema. Nitasema.”

Akataka wanaume watoke, isipokuwa karani. Kwa hiyo Yoramu alikaa tena kwenye zile ngazi, na Petro pembeni yake. Dirisha lilikuwa wazi. Walisikia kiti kikisogezwa. Walisikia Khamisi akisoma maneno ya kiapo na Zipora akiyafuata, neno kwa neno, kama watoto wa shule ya Jumapili. Kisha kimya, na mashine ya chapa nayo imenyamaza. Yoramu alijikuta anamwomba Mungu na hajui anaomba nini, aseme au asiseme.

“Mahinyila,” ilisema sauti ya mama yake.

Ilikuwa sauti asiyoijua, nyepesi, kama ya msichana anayeitwa na wageni. Hakimu akaomba arudie kwa ajili ya kumbukumbu. Akarudia. Petro aliyekuwa karibu na Yoramu alivua kofia, akaivaa tena.

Zipora alipotoka hakumtazama mtu. Alikwenda kwenye bomba la uani, akasukutua mdomo, akatema, akasukutua tena. Evodia alimfuata na kanga amfute, na Zipora akamwachia amfute, uso mzima, kama mtoto.

Hati ilipelekwa Uhamiaji asubuhi ile ile. Optatus alisema kwa haraka yake yote ni siku chache. Siku ya kuifuata pasipoti walikwenda Yoramu na Evodia pamoja, na Optatus alikuwa ndiyo anaitoa kwenye droo, imeandikwa ndani kwamba mwenye pasipoti hii anajulikana pia kama Yoramu Ndahani Mahinyila, mhuri umepigwa vizuri. Mtu wa ofisini kwa Evodia akaingia mlangoni. Alikuwa amekimbia. Alimwangalia Evodia, akavua miwani yake, akaanza kuipangusa, na ndivyo walivyojua.

Faksi ilisema Batholomeo amefariki siku ya kiapo, asubuhi. Kama ilikuwa kabla Zipora hajasema au baada, hakuna aliyeweza kujua, maana saa za kule ziko mbele ya zetu na faksi haikusema asubuhi ya saa ngapi. Evodia alisema ni kabla. Alisema ni zile siku za Bahi na Chilonwa zilizomuua, kwa sababu ya mtu aliyekwisha kufa miaka na miaka. Zipora hakubishana naye. Yeye alijua ni baada.

Mwili uliletwa na serikali, ukazikwa Hombolo. Kwenye msiba wanawake hawa wawili walikaa mkeka mmoja, kama inavyopasa, na walipikiana uji.

Evodia aliomba uhamisho mwaka uliofuata, akaenda Mwanza na watoto. Nyumba ya Area D aliipangisha, baadaye akaiuza. Aliwaleta watoto kumsalimu bibi yao mara mbili, na hakulitaja tena jina la Ndahani mbele yake. Hakuolewa tena. Petro alirudi Bahi kwenye ng'ombe zake, akafa kwa homa ya mapafu. Khamisi alistaafu, yuko Kondoa, ana duka la vifaa vya shule karibu na msikiti. Hakimu Emilia alihamishiwa Singida. Optatus yuko Uhamiaji, mpaka wa Namanga.

Zipora aliishi miaka tisa zaidi. Alikwenda kanisani kila Jumapili, ila Umoja wa Akina Mama alijitoa, na sababu hakumwambia mtu, hata mchungaji. Amezikwa upande wa kushoto wa Batholomeo.

Yoramu yuko Hombolo. Ana ng'ombe kumi na kitu na robo eka ya zabibu. Figo zake zote mbili ni nzima. Pasipoti iliisha muda wake bila kugongwa mhuri wa mpaka wowote, na hajaomba nyingine.